Sekunde Sabini

Tononoka, Mombasa
16 Februari 1998

Kaka Faraj,

Naomba barua hii ikukute mzima huko Maskati, na kazi mpya iwe imekupokea vizuri. Mimi si mzima. Nakuandikia kwenye meza ya jikoni, mlango nimeutia komeo, na bado kila mtu akipita nje naweka kalamu chini.

Menza amepotea. Mdogo wangu, yule karani wa stoo ya Shimanzi uliyekuwa ukimtania kwa kofia yake. Ijumaa tarehe sita alitoka asubuhi akaniambia nisimpikie, atachelewa. Hakurudi. Polisi wameniambia kijana wa miaka ishirini na mitatu hapotei, huondoka. Bwana Mung'aro, mkubwa wetu, anasema kuna mali imepungua stoo, na kwamba hajampeleka Menza kwenye mashtaka kwa heshima yangu tu. Unajua yeye ni mtu wa kwetu na tunasali kanisa moja. Alikuja nyumbani na mkewe wakaomba pamoja nami. Lakini Menza si mwizi, Faraj. Wewe unamjua.

Sasa nije kwenye ile mashine ya simu uliyotufungia ofisini kabla hujasafiri. Siku ya pili yake, Jumamosi, mvua ilikata umeme, na uliporudi ulirudi kwa nguvu, kompyuta ya simu ikatoa moshi. Ile kadi ya sauti uliyoitia ndani yake iliungua. Jumatatu akaja fundi mwingine akatia kadi ya aina nyingine. Zile salamu ulizonirekodi, "Karibu, kwa stoo bonyeza mbili", amezigeuza ziingie kwenye kadi mpya, lakini nasikika kama mtoto wa miaka sita anayekimbia. Watu wanapiga simu kunicheka tu.

Ile Jumatatu nilifungua kisanduku changu cha ujumbe. Mashine ikaniambia kuna ujumbe mmoja: Ijumaa tarehe sita, saa kumi na mbili kasoro dakika nane jioni, sekunde sabini. Nikabonyeza kuusikiliza. Nikasikia mvua. Kama mvua juu ya mabati, mwanzo mpaka mwisho, kisha kimya.

Nje ya ofisi, namba ya kisanduku changu nilimpa mtu mmoja tu. Nilimuuliza yule fundi, akasema ni takataka, nifute. Sijafuta. Kila siku nausikiliza. Mara nyingine nadhani kuna mtu ndani ya mvua hiyo.

Wewe ndiye uliyeifunga mashine. Niambie kama nimerukwa na akili.

Dadako,
Dama Ngowa

*

Maskati
26 Februari 1998

Dada Dama,

Nimesoma barua yako nimesimama mlangoni mwa posta, nikashindwa kwenda kazini. Pole sana. Akili yako ni nzima. Huo si mvumo wa takataka, ni ujumbe.

Mashine ya simu haihifadhi sauti kama kaseti. Huikata vipande vidogo, maelfu katika kila sekunde, na kila kipande hukiandika kwa namba. Kadi niliyoitia mimi ilikuwa bahili: iliandika namba fupi, nusu ya zile zinazosomwa na kadi mpya. Na faili zake hazina maelezo mwanzoni, haziambii mtu zimekatwa vipi. Kadi mpya inasoma namba za mwenzake kwa hesabu zake yenyewe, ndipo unapata mvua. Huyo fundi alizigeuza zile salamu tu, tena akakosea kasi. Kusikika kwako kama mtoto ndiko kulikonionyesha alikokosea.

Naweza kuugeuza ujumbe huo usikike, lakini lazima niwe nao hapa. Na kuna jambo linanitia hofu: mimi mwenyewe niliiamuru mashine ifute kila ujumbe wenye siku thelathini. Wako utafutika tarehe nane Machi. Sijui barua hii itafika lini.

Fanya hivi. Ingia chumba cha mashine wakati wa chakula cha mchana, chukua diski tupu. Kwenye kompyuta fungua folda yenye namba ya simu yako ya mezani. Utaona faili moja ya tarehe sita Februari. Inakili kwenye diski, kisha uiandike juu jina lolote la kawaida. Usimwambie fundi wala mtu wa ofisini.

Ukihitaji mtu, mwambie Sufyan, mshika funguo wa stoo. Ni ndugu yangu wa tumbo moja, lakini sikwambii kwa ajili hiyo. Nakwambia kwa kuwa hana mdomo.

Ni mimi,
Faraj

*

Tononoka
9 Machi 1998

Kaka Faraj,

Diski iko ndani ya bahasha hii, katikati ya vipande viwili vya katoni. Nimeiandika "Mapishi".

Barua yako ilinifikia Ijumaa, tarehe sita. Zilibaki siku mbili. Saa saba na robo wote walipotoka kula niliingia chumba cha mashine. Diski ilinianguka mara mbili. Ile taa ndogo ya kompyuta ikiwaka kijani, inanakili, mlango ukafunguliwa.

Alikuwa Sufyan, amerudisha funguo za stoo. Alitazama diski, akanitazama. Akaniuliza, "Ni ya nani?"

Sikuweza kusema uongo. Nikamwambia, "Ya Menza. Alinipigia ile jioni."

Faraj, ndugu yako alivuta kiti akakaa. Rangi ilimtoka. "Amesema nini?" Nikamwambia sijui, haisikiki, naituma Maskati. Akainuka akasema, "Maliza. Mimi nitasimama nje ya mlango." Na akasimama mpaka nilipomaliza.

Nilikuwa simjui vizuri. Nimemjua sasa. Tangu siku ile ananisindikiza mpaka Tononoka kila jioni, anatembea hatua mbili nyuma yangu, hasemi kitu. Jumapili mama yenu alinitumia mahamri na mbaazi. Nilikula huku nalia.

Kuna pikapu nyeupe inayosimama mkabala na uwanja, karibu na kwangu. Imekuwapo siku nne. Ndani mna watu wawili, hawashuki. Labda haihusiani na mimi.

Nijibu upesi.

Dama

*

Maskati
20 Machi 1998

Dada Dama,

Diski imefika lakini imeharibika. Labda joto, labda sumaku ya mashine za posta. Nimejaribu kila njia ninayoijua, hapana kilichotoka. Nisamehe kwa kukupa matumaini.

Nakuomba jambo moja. Chukua likizo urudi Kaloleni kwa mama yako, ukae huko mwezi mmoja au miwili. Nenda wiki hii. Na usimchoshe Sufyan kwa kukusindikiza, ana majukumu yake. Tembea na wanawake wa kanisani kwako.

Usiniulize zaidi, dada. Nenda tu.

Faraj

*

Maskati
20 Machi 1998

Sufyan,

Salamu kwa mama. Usimsomee barua hii.

Leo nimemwandikia Dama uongo. Nimemwambia diski imeharibika. Haikuharibika. Nilikaa nayo siku mbili. Mara ya kwanza ilitoa mvua. Mara ya pili niliipata sauti lakini kasi si yake, ikawa nyembamba kama ya ndege. Mara ya tatu nilishusha kasi mpaka elfu sita kwa sekunde, na Menza akazungumza chumbani mwangu.

Nakuandikia maneno yake kama nilivyoyasikia.

"Dama, ni mimi. Niko stoo, natumia simu ya ukutani. Wanafuta tarehe kwenye makopo ya maziwa ya watoto, yale yaliyoharibika, wanapiga muhuri mpya. Kontena nzima. Nimechukua lebo na karatasi, wamejua. Nasikia wananitafuta uani. Sufyan amenifungia mlango kwa nje. Nimemsihi asifunge, amefunga, funguo anazo yeye. Dama, naogopa. Anakuja mtu. Ni yeye, nazijua hatua zake."

Kisha funguo. Kisha mlango. Kisha kitu kizito kikaanguka kwa kishindo, na simu ikabaki inaning'inia, kwa sababu nasikia upepo mpaka mashine ilipokata.

Nimesikiliza mara thelathini. Kila mara nangoja pale mwisho aseme neno, hasemi.

Sisi tumelala kitanda kimoja mpaka nilipotimiza miaka kumi na mitano. Niambie ulimfanya nini yule kijana.

Faraj

*

Mji wa Kale, Mombasa
30 Machi 1998

Faraj,

Ichome hiyo diski. Na kama umeigeuza ukaitia kwenye kaseti, ichome na hiyo. Usimwambie Dama neno.

Siwezi kuandika zaidi. Usiniandikie tena habari hii.

Mama hajambo.

Sufyan

*

Tononoka
31 Machi 1998

Kaka Faraj,

Barua yako nimeipata. Sikuielewa. Mtu ambaye alinieleza namna sauti inavyokatwa vipande, leo ananiambia "labda joto" na kunyamaza? Na kwa nini nisitembee na Sufyan? Kama mmegombana, hayo ni yenu.

Sitakwenda Kaloleni. Menza akirudi atanitafuta hapa.

Ile pikapu sasa huwa nje ya kanisa Jumapili. Bwana Mung'aro nilimweleza, akasema nisiwe na wasiwasi, huzuni humfanya mtu aone vitu. Kila Jumatatu huniita ofisini kwake kuniuliza kama nimepata habari yoyote ya Menza, hata ndogo. Nikilia hunipa kitambaa chake.

Sufyan amebadilika. Zamani alikuwa hasemi, sasa anauliza. "Faraj amejibu? Amesema nini?" Nilipomwambia diski imeharibika, alishusha pumzi ndefu na kusema alhamdulillahi, kisha akageuza uso. Nilifikiri nimesikia vibaya.

Juzi, tukipita Makadara, aliniambia polepole bila kunitazama: "Jumamosi ya tarehe kumi na nane nataka tuvuke feri mimi na wewe. Kuna mahali nataka kukupeleka. Usichukue mzigo, usimuage mtu." Nikamuuliza ni wapi. Akasema, "Ukifika utajua."

Nimemkubalia. Sijui kwa nini nakwambia, labda nataka mtu mmoja ajue nilikokwenda.

Dama

*

Maskati
11 Aprili 1998

Dama,

Usivuke feri na Sufyan.

Barua hii anakuletea Bi Mahira, jirani yetu wa Kibokoni, anayerudi kwa ndege Jumatatu. Nimemwapisha aitie mkononi mwako wewe, si wa mtu mwingine, hata mama yangu.

Nilikudanganya. Diski ni nzima na nimemsikia Menza. Maneno yake yote nimeyaandika kwenye karatasi ya pili, yasome ukiwa umekaa. Utaona kwa nini nilinyamaza. Sina ndugu mwingine, Dama. Nilimwandikia yeye nikitarajia anikanushe, anitukane, chochote. Amenijibu niichome diski na nisikwambie. Hakusema hata kwamba si kweli.

Alhamisi nilipiga simu ofisini kwenu. Sauti yako ikanikaribisha, ile ya kitoto iliyoharibiwa kasi, na nikasimama na mkono wa simu sikioni nisijue kama mwenye sauti yu hai au nazungumza na faili tu. Nikabonyeza sifuri nikupate. Akapokea Sufyan, kwenye kiti chako. "Haloo?" Kama anavyosema nyumbani. Nikakata.

Nilikuwa na wajibu wa kukwambia wiki tatu zilizopita. Kama limekufika jambo kwa sababu ya wiki hizo tatu, sitakuwa na uso wa kumwonyesha mtu.

Mwambie mtu mwenye nguvu unayemwamini. Usikae peke yako.

Faraj

*

Vanga
21 Aprili 1998

Faraj,

Mimi ni mzima. Menza ni mzima. Yuko mbele yangu sasa hivi, amekonda, ndevu zimemtoka, anakomba dafu. Nimeanza na hilo ili uweze kuyasoma mengine.

Barua yako Bi Mahira alinipa Alhamisi. Nilisoma maneno ya Menza nimekaa sakafuni. Uliniambia nimwambie mtu mwenye nguvu ninayemwamini, na Ijumaa adhuhuri nikamwendea Bwana Mung'aro.

Alifunga mlango wa ofisi taratibu. "Sema tena, binti yangu. Nani alifunga?"

"Sufyan."

"Kwa nje?"

"Kwa nje. Funguo alikuwa nazo yeye."

Akakaa akatazama dari. Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Miezi miwili," akasema, "nawauliza walinzi, kijana amepitia wapi, amepitia wapi." Kisha akakumbuka kwamba nipo. Akanipa kitambaa chake. "Rudi kazini. Mambo haya niachie mimi."

Nilikuwa katikati ya ngazi maneno yake yaliponiingia. Mtu anayeamini kwamba kijana ameiba akakimbia haulizi amepitia wapi ndani ya stoo. Anayeuliza hivyo ni aliyekuwa uani akimtafuta. Na huko juu nikamsikia akiinua simu, akasema, "Leteni gari."

Nilivua viatu nikakimbia. Nilipita sokoni Markiti nikigonga watu na vikapu vyao, nikaingia Kibokoni. Mama yenu akafungua, akanikaribisha. "Ndoo ndani, mwanangu, una nini?" Sufyan alikuwa ametoka kuswali Ijumaa, amekaa mkekani, mkono ndani ya sahani ya wali.

Nikasema, "Nimemwambia."

Hakuuliza nani. Aliinuka akanawa mikono, Faraj, akainawa vizuri kama mtu mwenye wakati. Akasema, "Menza yu hai. Yuko Vanga kwa shangazi yangu. Kesho ndiyo nilikuwa nikupeleke." Kisha akatoka kwa mlango wa uani, akapita nyumba ya jirani, na sikusikia hata hatua zake.

Nilitaka kumfuata. Mama yenu alinishika mkono, akanivika kanga za kuswalia mpaka usoni, akanisimamisha juu ya msala wa chumba cha ndani. "Sujudu," akaniambia. "Usiinuke mpaka nikuite."

Pikapu haiwezi kuingia kichochoro kile. Walikuja kwa miguu, watatu. Niliwasikia wakigonga.

"Sufyan yuko wapi?"

"Yuko msikitini. Kamtafuteni huko, na mukifika muvue viatu."

Mmoja akaingia tu. Nikamsikia amesimama penye mkeka. "Wali huu ni wa nani?"

"Wangu." Na mama yenu akakaa akaanza kula kwenye sahani ya mwanawe. "Kwani mtu mzima hali?"

Hatua zikaja mpaka mlango wa chumba nilimo. Paji la uso liko chini, naona ncha ya kiatu chake kupitia upindo wa kanga. Sikujua sala ya kwenu hata neno moja. Nilisema Baba Yetu, midomo tu, nikairudia na kuirudia. Mama yenu akapaza sauti kutoka kule: "Mwanamke yuko mbele ya Mungu, nawe wamtazama mgongo! Mama yako yuwajua?"

Kiatu kikaondoka.

Baada ya alasiri tulivuka feri mimi na mama yenu, katikati ya wanawake waliokuwa wakirudi Likoni kutoka sokoni. Mikono yetu ilikuwa imeshikana chini ya buibui lake hadi ng'ambo.

Menza amenieleza yote. Sufyan alimfungia ili wale watu waone kufuli kwa nje wafikirie hamna mtu. Menza naye hakumwamini, ndiyo maana alimsihi, ndiyo maana akanipigia. Na Sufyan aliporudi kumtoa, yeye kwa hofu alirudi nyuma akaangusha rundo la makopo. Hicho ndicho kishindo ulichokisikia. Walitokea dirisha la choo. Hawakusemezana mpaka Likoni.

Sufyan hakuniambia kwa sababu Bwana Mung'aro alikuwa akiusoma uso wangu kila Jumatatu. Machozi yangu ndiyo yaliyokuwa yakimhifadhi Menza. Ningejua, ningeacha kulia. Na ile Alhamisi uliyopiga, alikuwa amenishikia simu nilipokwenda kula.

Sufyan hajafika hapa. Leo ni siku ya nne.

Menza anazo lebo na karatasi zote. Anaomba ule ujumbe uutie kwenye kaseti ya kawaida, nakala tatu. Moja kwa maofisa wa afya, moja kwa gazeti, moja ubaki nayo. Fanya leo.

Dama

*

Tanga
24 Mei 1998

Faraj,

Nimefika Tanga, nimekaa wiki nne. Nilikuwa siwezi kuandika kwa sababu nilivunjika mkono wa kulia nilipodondoka ukutani kwa jirani ile Ijumaa. Hata sasa mwandiko si mzuri. Usiogope, hawakunikamata.

Kaseti zako zilifika. Dama ameniandikia kwamba sauti ilikuwa safi kuliko simu yenyewe. Maofisa wa afya walikwenda Shimanzi na sauti ya Menza ikiwaelekeza, wakaikuta kontena, makopo mengine bado yamelowa spiriti. Gazeti limeandika. Mung'aro alikamatwa, amesomewa mashtaka, ametoka kwa dhamana. Kwa hiyo hatujarudi, na Dama bado hakai mahali penye dirisha wazi.

Umeniandikia barua tatu za kuomba radhi kupitia kwa shangazi. Nimezisoma zote. Nitakujibu mara moja.

Nilikuandikia uichome diski kwa sababu bahasha zako mbili za kabla ya ile ya maneno ya Menza zilinifikia zimebandikwa upya kwa gundi, nikahofia jibu langu nalo lingefunguliwa. Nilifikiri maneno machache yatakutosha wewe. Watu wengine wangehitaji marefu.

Sikulaumu kwa ulichokisikia. Menza mwenyewe alinidhania hivyo, na alikuwa ndani ya stoo pamoja nami. Wala silaumu kwamba ulimwonya Dama, angekuwa dada yangu ningemwonya. Nililonalo moyoni ni jingine. Ulinificha kwa sababu uliamini nimeua. Kisha ukanifichua kwa sababu uliamini nimeua. Nimezihesabu siku tangu diski ikufikie mpaka barua ya Vanga, ni arubaini na kitu. Nimetafuta ndani yake siku moja ambayo ulisema, hapana, Sufyan hawezi. Kama ipo, niandikie tarehe yake.

Mama hajui kwamba ulinishuku. Anadhani ulimtuma Bi Mahira kutuokoa, na anakuombea kila swala. Usimwondolee hilo.

Amehamia kwa shangazi, Vanga, na jirani wa pale ana simu. Ijumaa tarehe kumi na mbili Juni, saa kumi alasiri, atakuwa ameketi karibu nayo akingojea umpigie. Nami nitavuka mpaka niende kumwona, nitakuwapo. Mpigie, zungumza naye, mchekeshe kama unavyojua.

Akitaka kunipa mkono wa simu, sijui kama nitaupokea. Lakini piga.

Nduguyo,
Sufyan